Gia Kumi na Nane

Mimi ni wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nimekwenda kwa baiskeli sokoni, shuleni, msibani,
nimebebwa kwenye keria kitovu hakijakauka;
nani wa kunifundisha kukanyaga?
Ndivyo nilivyomwambia Singano pale Lushoto,
nyuma ya stendi, kwenye kibanda cha mabati,
baiskeli saba zimeegemeana kama wagonjwa kwenye foleni.

Akatazama viatu vyangu, akatazama dera,
akasema, "Elfu kumi mpaka magharibi. Acha kitambulisho."
Akanionyesha gia, kumi na nane,
akizitaja polepole kama anayehesabu watoto wa ndugu.
"Hizi," akasema, "ni za kuuomba mlima samahani."
Nikacheka. Kwetu gia ni moja: haraka yako.

Kona ya kwanza nilikuwa nacheka bado.
Ya pili nikanyamaza.
Ya tatu nikalikunja dera, nikalifunga kiunoni
fundo la siku ya kufua.
Mnyororo ukaruka, ukarudi, ukaruka tena,
nikabonyeza huku, nikabonyeza kule,
samahani zote kumi na nane zikaisha
na mlima haujaitikia hata moja.

Aliye juu mngoje chini:
ndivyo tunavyolelewa watu wa tambarare.
Nikangoja.
Magamba haikushuka.

Nikashuka mimi, nikaisukuma.
Elfu kumi, kukodi kitu cha kutembeza,
kama mtu na mbuzi wa mnada asiyetaka kwenda.
Watoto wa shule wakanipita kwa miguu,
wakanisalimu Kisambaa, nikajibu Kiswahili cha bandarini,
wakachekea migongoni mwa wenzao, kwa adabu.

"Mwanangu, hicho chombo chako kinakwenda kitupu?"

Mama Hoza. Kiroba cha kabichi kichwani, cha pili chini,
lori linangoja njiapanda na dereva hana subira.
Kabla sijasema ndiyo kiroba kilikuwa kwenye keria,
kimefungwa kwa mpira wa tairi la ndani.
Mimi nikashika usukani, yeye akasukuma kwa nyuma,
kile kingine bado kichwani, hakitikisiki.

Tukazungumza bila kuonana nyuso.
Akauliza nimeolewa. Akauliza bahari ina harufu gani.
Nikamwambia inategemea siku.
Akauliza, "Na kabichi kwenu, moja shilingi ngapi?"
Nikasema kama ilivyo: elfu mbili, ya kubana.
Hakujibu.
Yeye lorini anapewa mia tatu, hilo alilisema baadaye,
alipokuwa akivifungua viroba, akiwa amenipa mgongo.
Lakini pale njiani alinyamaza tu,
na keria ikawa nzito ghafla,
au ni mkono uliacha kusukuma kidogo, sijui,
kisha ukaendelea.

Akanipa plamsi tatu, zina ukungu kwenye ganda.
Moja nililia palepale, maji yakanifika kiwikoni.

Irente sikufika. Wageni huenda Irente kuitazama tambarare;
mimi tambarare naijua, nadaiwa kodi huko.
Nikageuza.

Na kushuka, jamani!
Misitu miwili ikanipita, mmoja kila upande,
machozi ya upepo yakakimbilia masikioni,
breki ikalia, ikanuka mpira wa kuungua,
nikapiga kengele bila kumpigia mtu,
dera likafunguka fundo, likavimba, likanitangulia kuona aibu.
Nilipiga kelele. Nasema kweli.
Mwanamke wa miaka arobaini na moja, karani wa mizigo.

Singano akaikagua kama ng'ombe aliyerudi kutoka kwa jirani.
Akachomoa jani la kabichi kwenye njiti za gurudumu.
"Umebeba mzigo. Mzigo una bei yake."
Nikamtajia ulikuwa wa nani.
Akalizungusha lile jani vidoleni,
akanipa kitambulisho,
akachukua plamsi moja bila kuuliza.

Jumapili, soko la Mgandini.
Nimeegemeza baiskeli yangu ya gia moja,
nimeshika kabichi, naipima kwa kiganja.
"Elfu mbili, dada, imeingia leo alfajiri."
Nikageuka kutazama
nani kashika keria.