Kusomea Usingizi

Ujumbe uliingia saa kumi alfajiri.
Simu ilitetemeka mfukoni mwa sare
kama kifaranga.
Nilikuwa nambadilishia dripu bibi wa kitanda namba saba,
ukungu wa Newala umeshaingia wodini,
umekaa kwenye benchi kama ndugu wa mgonjwa.

*Somoe Nantimbo, umechaguliwa.*

Nikasoma. Nikazima.
Nikahesabu matone: ishirini kwa dakika.
Nikawasha tena, jina bado langu,
hata ile herufi waliyoikosea mwaka juzi waliponikataa
safari hii imekaa mahali pake.

Nimeomba mara tatu.
Mara ya kwanza fizikia ya kidato cha nne ilinisaliti;
nikairudia nina miaka thelathini na moja,
chumba kimoja cha mtihani na watoto
walioniamkia shikamoo kabla ya kufungua karatasi.
Mara ya pili mganga mfawidhi aligoma kusaini:
"Ukienda wewe, usiku nitamwachia nani?"
Sikumlaumu. Hesabu ya wodi ile naijua:
wagonjwa arobaini, wauguzi wawili,
tochi moja.

Mama alicheka hadi kanga ikamponyoka.
"Miaka tisa unakesha, leo unakwenda kusomea usingizi?
Kumbe usingizi unasomewa!
Basi marehemu baba yako alikuwa profesa."
Kisha akanyamaza, akaingia ndani,
akatoka na stakabadhi ya chama cha msingi
iliyokunjwa mara nne, ina harufu ya karafuu na jasho.
"Malipo ya pili ya korosho hayajaingia.
Yakiingia, nauli ya Moshi imo humu.
Na sweta. Nasikia kule kuna baridi."

Likwata, mtu wetu pekee wa usingizi,
hakunipa hongera.
Alikuwa anahangaika na mtungi wa oksijeni,
miwani yake imefungwa plasta ya jeraha.
"Kulaza watu si elimu," akasema.
"Hata uraka unalaza.
Nishikie hapa. Hapo, kaza.
Kazi ni kuwaamsha."

Mwezi ule alikuwa likizo,
likizo yake ya kwanza ndani ya miaka sita,
na nani angemnyima?
Ndipo wakamleta Asumini kutoka Mkunya,
mtoto amekingama tumboni.
Daktari alikuwepo.
Visu vilikuwa safi.
Hata umeme, ajabu, usiku ule ulikuwepo.
Wa kumlaza hakuwepo.

Nilipanda naye gari la wagonjwa kwenda Ndanda.
Kila shimo la barabara lilimtoa sauti,
na kila sauti alikibana kidole changu hiki, cha pete.
Aliniuliza kama nimezaa. Nikasema mmoja.
Akauliza jina lake.
Tulipoipita Masasi
akaacha kunibana.

Sikumwambia dereva.
Aliendelea kukimbiza gari,
nami nikamwacha akimbize,
mpaka getini.

Haya sikuyaandika kwenye barua ya maombi.
Palikuwa na mistari mitano tu:
*Eleza kwa nini unataka kozi hii.*
Niliandika, kujiendeleza kitaaluma.

Leo nimekabidhi zamu saa mbili kasoro.
Bibi wa namba saba amekunywa uji, nusu kikombe.
Nimefika nyumbani, nimevua viatu,
nimejilaza chali chini ya bati
na kujaribu kazi yangu mpya juu yangu mwenyewe:
vuta pumzi, mama, hesabu kurudi nyuma.
Kumi. Tisa. Nane.
Kwenye saba nauona mkono.
Nne. Tatu.
Nafika sifuri, macho makavu kama ya samaki wa sokoni.

Nje muuza maji anagonga madumu.
Naamka.
Nipe mawili, namwambia,
na usinipunje, mwenzio nina safari.