Chini ya Nywele

Bawazir wa bucha alinipima kwa jicho kabla ya kupima nyama:
"Ubongo mzima? Usipasuliwe? Mwalimu, ni mchuzi gani huo?"
Nikamwambia si mchuzi, ni somo.
Akautia karaini, akaufunika gazeti,
akakataa pesa, akataka karai lake lirudi kabla ya adhuhuri.

Ukumbi wa Bombolulu, bati linatokota.
Watoto sitini na ushee, na wazazi waliokuja
kwa kuwa tangazo lilisema kutakuwa na mahamri.
Nikauliza: akili ni nini?
Kimya. Kisha sauti toka nyuma: "Akili ni nywele!
Kila mtu ana zake!"
Ukumbi ukacheka. Hata mie.
Na wenye vipara je?
Mzee mmoja akavua kofia, akajipangusa, akaivaa tena.

Nikafunua gazeti.
"Utumbo!" "Tambi!" "Chapati mbichi!"
Hapo, nikasema, hapo hapo:
mama akiuzungusha unga wa chapati, duara ndani ya duara,
huwa anaficha upana ndani ya udogo.
Nao wako umejikunja vivyo hivyo
ili jina lako, na njia ya msalani gizani,
na harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi la Kisauni,
na ile saba mara nane uliyoikataa,
vyote vienee chini ya nywele.

Umazi wa darasa la nne hakutaka kugusa.
Alitaka kujua: "Huyu mbuzi, mamake yuko wapi humu?"
Nimesoma miaka saba.
Nikaonesha sehemu, nikaitaja kwa jina lake refu,
naye akaniangalia kama mtu
aliyeulizia nyumba akaoneshwa mtaa.

Tukashikana mikono, mstari toka mlangoni hadi jukwaani.
Ukiminywa, minya. Ndivyo seli zinavyopashana habari.
Mminyo ukaondoka mbio kama habari ya posa Kibokoni,
ukafika karibu na Tsuma, ukafa.
Hakuna aliyemshika.
Mikono yake ilining'inia, wa kushoto una kovu la jiko
toka kiwiko hadi kidole,
la siku alipoanguka na kila mtu akaogopa povu.
"Ana pepo," akanieleza mmoja, kwa upole kabisa,
kama unavyomwambia mgeni choo kiko wapi.

Sikuhutubu. Nilimpa Tsuma karai.
Alilishika kwa mikono miwili, halikutikisika.
Akainama, akanusa.
"Wangu una hitilafu?"
Wako, nikasema, kuna wakati seli huminya zote kwa pamoja,
hakuna inayongoja zamu.
Kama nyinyi na mahamri.
Akacheka kabla hajakusudia kucheka.

Kisha nikalala chini mwenyewe, kwenye saruji, na buibui langu,
nikawaambia wanigeuze. Ubavu, si chali.
Kijiko kinywani? La.
Maji? La.
Kitunguu puani? La, mzee wangu, hata kitunguu.
Ondoa jiko. Hesabu dakika. Kaa naye mpaka arudi.

Mamake alikuwa mlangoni, hakuingia.
"Na hii?" Akagusa hirizi mkononi mwa mwanawe.
Ikae, nikasema. Ila kidonge kisikose,
asubuhi na usiku.
Mpaka leo sijui kama nilijibu au nilikwepa.

Mstari ukaanza upya.
Umazi akajifuta kiganja kwenye sketi, akamshika.
Wa upande wa pili akashika kidole kimoja tu, cha mwisho,
uso ameugeuzia dirishani.
Kidole kimoja.
Mminyo ukapita hapo, ukaenda zake.

Saa saba na robo. Simu inalia, ni Bawazir na karai lake,
nami siwezi kulipeleka:
Tsuma bado amelishika,
anamwonesha mzee mwenye kofia mahali penye mikunjo,
na mzee, pole pole, anavua kofia.