Nusu Sekunde

Kompyuta niliinunua mnadani, skuli ya Limbani,
ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe: MAABARA 7.
Feni yake inakoroma kama mtu aliyelalia mgongo,
lakini diski nzima, na bei ilikuwa ya huruma.
Nikaipandisha juu ya kabati la vyombo,
pembeni ya birika la harusi ambalo halijawahi kumimina,
nikavuta waya mpaka kwenye ruta,
na ruta nikaifunga dirishani kwa uzi wa kushonea kofia,
pale inapoukamata mnara wa Bopwe.

Mama akauliza, "Na hiyo inakula umeme kiasi gani?"
Kidogo, nikasema. Haifiki friji.
Akaitazama mita. Akanitazama mimi.

Kanda zilikuwa arubaini na moja
ndani ya sanduku la bati, zinanuka karafuu na ukungu.
Baba alikuwa karani wa mizani:
mchana anaandika kilo za watu,
usiku anairekodi fidla yake kwenye redio kaseti,
yeye, na Faki Mbwana wa dumbaki,
na Shaame, ambaye hakuwa na ala, alikuwa na kikohozi.
Nyingine zimekatika. Nikaziunga,
nikazizungusha kwa kalamu ya wino,
wiki tatu, kila baada ya isha,
maana kanda haikimbizwi:
dakika arubaini na tano
ni dakika arubaini na tano.

Halafu programu ikaanza maswali.
Msanii? Albamu? Mwaka?
Nilipoacha wazi ikajijazia yenyewe,
mistari arubaini na moja kushuka chini:
Msanii Asiyejulikana.
Msanii Asiyejulikana.
Mama akavaa miwani, akasoma juu ya bega langu.
"Asiyejulikana na nani?"

Nikakaa nikaandika, moja moja, Mbarouk Kai Hamad.
Mwaka nikamuuliza yeye,
naye hahesabu kwa tarakimu:
"Hii, mwaka karafuu zilipogoma.
Hii, wewe umo tumboni.
Hii hatujaezeka bati bado, sikiliza mvua, haina kelele."
Programu ikakataa, inataka namba nne tu.
Nikayahamishia kwenye kisanduku cha maelezo,
huko hakuna anayepima.

Ijumaa spika zikawa tayari,
moja sebuleni, moja jikoni.
Nikabonyeza simu.
Fidla ikaanza sebuleni,
na jikoni ikaanza tena, nusu sekunde nyuma,
kama mtoto wa chuoni anayemfuatisha mwalimu.

Hiyo kwa fundi ni aibu.
Nikafungua mipangilio, nikaisogeza ruta,
nikazima, nikawasha,
nikamtukana kimoyomoyo aliyeiunda spika ya jikoni.
Umeme ukakatika. Ukarudi. Nikaanza upya.
Nusu sekunde ile ile.

Mama alikuwa amesimama koridoni, katikati,
mikono ina unga wa chapati.
Upande huu mumewe anapiga,
upande huu mumewe anajibu.
Shaame akakohoa mara mbili kikohozi kimoja.
Na pale mwisho wa kanda, nilipotaka kukata,
sauti ya mwanamke kwa mbali:
"Chai tayari, au mpaka alfajiri?"
Kisha ile ile kutoka jikoni, imechelewa kidogo.
Mama akageuka, akachungulia jikoni.

"Nimeijua dawa yake," nikamwambia.
"Naichelewesha ya sebuleni, zinakwenda sawa."
"Chelewesha," akasema. "Lakini si leo."

Akarudi kwenye unga wake.
Juu ya kabati MAABARA 7 inakoroma,
birika linatetemeka kila dumbaki likishuka chini,
mita inahesabu,
na hajaitazama.