Maji ya Satenik

Maji yamemfika shingoni, wasema majirani,
na bombani hamna hata tone:
baridi ya Gyumri imeligandisha tangu Noeli.
Satenik anayeyusha theluji kwenye sufuria
apate ya kumwoshea Vahan vidonda vya mgongoni.
Mume yuko Urusi, simu yake imezimwa tangu vuli.
Deni la dukani limejaza kurasa mbili
na mwenye duka humsalimia akiangalia mizani.

Jumapili aliegemea ukuta wa kanisa,
mkononi mshumaa mwembamba, ule wa bei ya chini.
Hakuwa na sala. Zote alizimaliza Novemba.
Alisema tu:
"Nishike Wewe, Bwana.
Mimi nimechoka kukushika."

Kimya.
Nta ikamdondokea kidoleni,
ikauma, ikapoa.

Sasa mtoto anauliza, uso ukiwa mtoni,
kama Mungu amejibu.
Satenik anachovya kitambaa, anakikamua.
"Bado," anasema.
"Lakini sijaondoka mlangoni pake."
Anamgeuza ubavu, polepole,
asije akabandua ngozi.
Maji yangali vuguvugu.