Mistari Mitatu ya Mvuke

Korosho ghafi, magunia mawili, daraja la kwanza:
ndiyo bei niliyolipa ili nione nyuma yangu.
Somoe alihesabu kwa vidole, akasonya.
"Saitimira za kupashwa moto? Hapa Newala?
Kesho kamnunulie kuku sweta."

Sikumjibu. Hajawahi kupanda mlima wa Kitangari
saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
lita elfu mbili zikigongana ndani ya simtanki
na ukungu umekaa barabarani kama mgeni
aliyekwisha kula na hataki kuaga.
Hajawahi kutoa mkono dirishani
kufuta kioo kwa kanga yake kuukuu
(ndiyo, ile aliyoitafuta wiki nzima)
na kabla mkono haujarudi ndani
kioo kimeshaingia mtoto wa jicho.

Zilifika kwenye boksi lenye picha ya theluji
na gari linavuta nyumba. Nyumba nzima, ina mapazia.
Likapa, fundi umeme, alizigeuzageuza
kama mtu aliyepewa kichanga cha mwenzake.
"Masikio ya tembo haya," akasema.
Akatoboa mlango wangu. Nikatazama pembeni
kama ninayepigwa sindano.
Akapitisha waya mwekundu chini ya zulia,
akaweka fyuzi, akaweka rilei,
waya mweusi akaumenya kwa meno
kwa sababu koleo alikuwa amelikalia.

Swichi aliifunga karibu na redio.
Ina alama: kisanduku, na mistari mitatu ya mvuke
inapanda, kama chungu cha kande.
"Bonyeza, subiri dakika mbili, zima.
Betri yako si ng'ombe wa kukamuliwa kutwa."

Ngoja niseme jambo moja kabla sijaendelea.
Miaka sita injini hii imenidhalilisha
pale kwenye kona ya pili.
Kushuka, nyoka. Kupanda, mgonjwa.
Nimebadili nozeli, nimebadili chujio,
nimebadili hata dua.
Likapa alisema ni pampu. Mdogo wake alisema ni umri,
na hakufafanua wa nani.

Asubuhi ya kwanza nikabonyeza.
Ukungu wa dunia ulibaki palepale,
lakini wa kioo ukaanza kukimbia kutoka katikati:
tundu la sarafu,
tundu la sahani,
kisha ubavu wote wa tela, kisha nyuma ya tela,
mahali nisipopaona tangu nilinunue.

Palikuwa na watu.

Baiskeli nne. Hapana, tano.
Mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine kwenye chuma cha tela langu,
madumu yamefungwa kwa mipira ya tairi,
mwanafunzi mwenye daftari ndani ya shati,
na Nambole muuza mkaa,
ambaye kila siku hunisalimia sokoni
kwa heshima iliyozidi kidogo,
nikadhani ni malezi.
Hawaongei. Miguu imetulia juu ya pedali
kama abiria waliokwisha kulipa nauli.

Kidole kilikwenda kwenye honi. Kikakaa hapo.
Wakishtuka, wakaachia wote kwa pamoja,
mteremko ule, ukungu ule…
Nikakumbuka nozeli, chujio, dua.
Nikacheka peke yangu hadi kileleni.

Jioni Somoe aliuliza:
"Enhe, magunia yangu mawili yameona nini?"
Nikasema ukungu umepungua.

Kisha nikaenda kwa Likapa anichomelee
bomba refu nyuma ya tela, usawa wa mkono.
"La nini?"
"La kufungia kamba."
Alilitazama tela, akanitazama mimi,
akavaa miwani yake ya kuchomelea.
Hakuuliza kamba ipi.

Siku hizi kona ya pili naingia na gia ndogo mapema,
polepole, bila kushtua.
Na nikikutana na Nambole sokoni, ananisalimia,
nami namwitikia
kwa heshima iliyozidi kidogo.