Nani Alilala Hapa

Bwana Mutisya kaniambia: andika tangazo,
fupi, tamu, lisilokohoa.
Nikaandika "Karibu nyumbani", nikafuta.
Nyumbani ndiko walikochoka kukaa.
Nikaandika "Usalama wako, fahari yetu", nikafuta.
Hata benki inasema hivyo,
hata muuza mayai wa Kawangware
kayabandika maneno hayo juu ya ndoo yake ya kunawia.

Miaka tisa nimeuza vyumba hivi kwa watu wa ndege,
nikiwahesabia dakika za kufika kwa simba.
Miaka tisa Ekiru langoni akiwauliza wa hapa:
"Unaenda kuona nani?"
Si kwa ubaya wake. Tulimfundisha.
Nilikuwa katika kikao hicho, nikila biskuti.

Sasa anga ya Embakasi imenyamaza,
barabara za kutoka mjini zina vizuizi,
na sisi ghafla tumewakumbuka
walio upande wa pili wa ukuta.
"Bei ya mwananchi," asema Bwana Mutisya,
kana kwamba mwananchi kazaliwa juzi.

Kerubo amepangusa swichi hadi rangi imetoka.
Rimoti ameivisha nailoni kama andazi la safari.
Kwenye lifti ni watu wawili, kila mmoja na ukuta wake,
na ukumbini viti vimekaa mbalimbali
kama wakwe waliogombania mahari.

Jumamosi akaja mmoja.
Bi. Nasambu wa Donholm, mwalimu wa hisabati,
begani mkoba wenye shuka zake mwenyewe,
chupa ya tangawizi, kijiko chake, sabuni ya kipande.
Ekiru akamlenga kipimajoto kwenye paji,
naye akafumba macho
kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
Thelathini na sita nukta tatu.
"Pita, mama," akasema Ekiru,
na hakumuuliza anaenda kuona nani.

Mlangoni pa 214 akasita.
Sauti ikapita kwenye barakoa
kana kwamba inatoka chini ya mto:
"Nani alilala hapa kabla yangu?"

Nilikuwa nalo jibu la Bwana Mutisya,
lina dawa, lina saa sabini na mbili, lina cheti chenye muhuri.
Ulimi ukateleza, ukaangukia ukweli.
"Hakuna. Tangu tarehe kumi na saba Machi,
hakuna hata mmoja. Kama usiku mia hivi."

Akahesabu kwa kidole gumba,
pingili kwa pingili, midomo ikicheza ndani ya kitambaa.
"Mia na tisa," akanisahihisha.
Kisha akacheka, mpaka miwani ikaingia ukungu.
"Basi hakuna chumba safi kama hiki Nairobi nzima.
Wala chenye upweke kama hiki."
Akavua viatu.

Ana watoto watatu, vyumba viwili,
mume anayesikiliza habari kwa sauti ya juu,
darasa zima ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka.
Alitaka usiku mmoja tu
ambao hakuna atakayemwita.
Kafyu ya saa tatu ikamkuta amelala.
King'ora kikapita Barabara ya Ngong,
hakijui kwamba hapa juu
kuna dirisha moja lililozima taa kwa hiari.

Asubuhi Kerubo alipokwenda kutandika
alikuta zile shuka za Donholm
zimekunjwa vilevile ndani ya mkoba.
Zetu ndizo zilizokuwa zimevurugika.
Alisimama akizitazama kwa muda,
kisha akaniita nami nizione.

Nikarudi mezani nikaandika:
*Hajalala mtu hapa tangu Machi. Njoo ulale.*

Bwana Mutisya kaisoma mara tatu.
"Utatuaibisha," kasema.
Mpaka sasa hajaitupa, wala hajaitia sahihi.
Imelala mezani kwake chini ya chupa ya dawa ya mikono,
na langoni Ekiru anajaza ndoo.