Mzigo wa Nyumbu wa Pili

Karatasi ni bili ya umeme, tumeigeuza mgongo.
Juu yake kaka yangu Eulogio amechora korongo
kama herufi V iliyochoka.
Siku ya kwanza: kushuka tu, hadi mto Apurímac,
mita elfu moja na mia tano za magoti.
Siku ya pili: kupanda zote tulizoshuka,
na riba.

"Milima haikutani," nasema,
"ndiyo maana inatubidi sisi kuteremka."
Hacheki. Anapima.

Viazi vya kugandishwa, kilo nne. Mahindi ya kukaanga.
Majani ya koka: mfuko mmoja wa kutafuna
na kiganja kimoja cha kuupa mlima,
maana hodi hubishwa hata pasipo mlango.
Mafuta ya taa. Kamba ya akiba. Chumvi ya nyumbu.
Turubai lenye kiraka nilichokishona mwaka jana
kwa kamba ya kiatu.

Tunabishana juu ya usiku wa tatu.
Yeye anataka tulale juu kabisa, karibu na kuta.
Mimi nahofia kichwa cha Mama:
hewa ya kule ni kama mshahara wa mwalimu,
haifiki mwisho wa pumzi.

Mama ana miaka sabini na mmoja.
Alizaliwa ng'ambo ya mto, akachunga mbuzi
ndani ya magofu yale
kabla hayajawekewa lango.
Jana tulimkatia tiketi. Akaishika mbali na macho,
akasoma bei, akauliza:
"Na mbuzi wangu, nani aliwalipia?"

Tukamwambia atapanda nyumbu.
Akasema miguu yake haijastaafu.
Eulogio akaandika pembeni, kwa herufi za sisimizi:
*nyumbu wa tatu, bila mzigo, afuate kwa mbali.*

Usiku huu nahesabu upya kwa tochi.
Mvua za Novemba zimekaribia,
na njia ile haimsamehi msahaulifu.
Kwenye mzigo wa nyumbu wa pili, kati ya blanketi na sufuria,
nakuta ufagio.
Ule mfupi, wa nyasi za ichu, wa jikoni.

Mama, huu wa nini?

Kimya. Kisha kitanda kinalia.
"Wageni huenda kutazama," anasema gizani.
"Mimi nina kizingiti kule."

Eulogio anainua macho. Tumebana kila gramu:
redio tumeiacha, miswaki tumeikata mipini.
Naweka ufagio kwenye mizani.

Gramu mia tatu na themanini.
Naandika.